Je, Wajua? Mbwa na Paka wa Nyumbani, Kutoka Kasese Hadi Bwera

Je, wajua kwamba kidonge kimoja cha paracetamol, kile cha miligramu 500 kinachouzwa katika kila duka la dawa mjini Kasese, kinatosha kumuua paka mzima? Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama ini la binadamu linavyoweza. Sumu hubaki mwilini na kuiharibu damu mpaka ishindwe kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka kahawia au samawati, uso na miguu huvimba, pumzi hukatika. Na anayempa kidonge hicho mara nyingi ni mtu mwenye huruma, aliyemwona paka wake amelala hoi akataka kumsaidia. Usimpe hata nusu. Hata robo usimpe.

Mbwa naye asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, zile tunazonunua kwa ajili ya mgongo na magoti baada ya palizi. Humchubua tumbo mpaka atapike damu, na huharibu figo.

Je, wajua kwamba joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39? Ukimshika sikio ukahisi moto, si lazima awe na homa. Homa ya mbwa hupimwa kwa kipimajoto, kupitia njia ya haja kubwa.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kifaa, na kila mwenye mbwa angefaa kukijua. Inua mdomo wa juu wa mbwa wako uangalie ufizi. Wa mbwa mzima ni wa waridi na una unyevu. Ubonyeze kwa kidole mpaka pale ulipobonyeza pawe peupe, kisha achia: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri. Ufizi mweupe wakati wote unaashiria kuwa damu imepungua, na katika eneo letu wa kwanza kushukiwa ni kupe na minyoo. Ukiwa wa manjano, ini au damu ina shida. Mbwa wengine wana ufizi mweusi wa kuzaliwa nao. Kwa hao, vuta kope ya chini ya jicho uangalie ndani yake. Mfanyie hivi mbwa wako leo akiwa mzima, ili siku akiugua ujue kilichobadilika.

Je, wajua kwamba mbwa akikojoa mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa huenda kupe ndiye aliyemwambukiza? Kimelea kinachoitwa babesia huingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Mbwa huacha kula, homa humpanda, hulegea, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Ugonjwa huu una tiba, lakini haungoji. Kagua ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Mkamate kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumsokota. Usimmwagie mafuta ya taa, wala usimpasue kwa kucha.

Na hapa kuna kosa linaloua wanyama wengi. Mtu ana dawa ya kuogeshea ng'ombe, anaichanganya kwa makadirio, anamwogesha mbwa na kisha paka. Dawa iliyopimwa kwa ng'ombe wa kilo 300 haikupimwa kwa mbwa wa kilo 15. Paka yuko hatarini zaidi: permethrini, iliyomo katika dawa nyingi za wadudu, humtia kifafa, na paka hujilamba mwili mzima baada ya kuogeshwa, kwa hiyo kile kilichobaki kwenye manyoya huishia tumboni. Nenda duka la dawa za mifugo, taja mnyama na uzito wake, na usiondoke mpaka uambiwe kipimo.

Je, wajua kwamba kahawa ni sumu kwa mbwa? Vilimani juu ya Bwera kahawa huanikwa kwenye maturubai uani, na mtoto wa mbwa hutafuna chochote. Kafeini humfanya ahangaike, moyo umwende mbio, atetemeke, na ikizidi apatwe na kifafa. Kakao nayo ina kemikali ya jamii hiyohiyo, iitwayo theobromini, na punje kavu za kakao ni kali kuliko chokoleti ya dukani kwa sababu hazijachanganywa na sukari wala maziwa. Bundibugyo, ng'ambo ya Rwenzori, ni nchi ya kakao, na baadhi yetu Kasese tunailima pia. Wakati wa kuanika, fungia watoto wa mbwa.

Vitunguu, vibichi au vya kupikwa, hupasua chembe za damu za mbwa na za paka. Mchuzi wa jana uliojaa vitunguu si chakula chao. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali na kutoboa utumbo.

Je, wajua kwamba chumvi, hata hii ya Katwe tunayojivunia, haifai kumtapisha mbwa aliyekula sumu? Ni dawa ya kienyeji inayojulikana mpaka Ulaya: maji ya chumvi nyingi, kinywa kifunguliwe, amiminiwe. Asipoitapika yote, chumvi huingia katika damu na kuvuruga maji ya ubongo, na mbwa aliyekuwa na nafasi ya kupona sumu ya panya hufa kwa kifafa cha chumvi. Kama amemeza mafuta ya taa au kitu kinachounguza, kumtapisha kwa njia yoyote ni kumuunguza mara ya pili. Chukua kopo au pakiti ya sumu aliyokula, mbebe mnyama, nenda kwa daktari wa mifugo. Ile pakiti humwambia daktari jambo ambalo mbwa hawezi kulisema.

Je, wajua kwamba mbwa anayelishwa ugali wa obundu au posho peke yake anaweza kushiba kila siku na bado akadhoofu? Anahitaji protini: dagaa, mabaki ya samaki yaliyopikwa, damu ya kuchemsha, maharage laini. Kwa paka jambo hili ni la lazima zaidi. Mwili wake hauwezi kutengeneza taurini ya kumtosha, ambayo hupatikana katika nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu moyo hudhoofu na macho hupofuka. Tunamweka paka akamate panya, halafu tunamnyima chakula tukidhani njaa itamfanya mwindaji hodari. Paka aliyeshiba huwinda vilevile, tena kwa nguvu zaidi.

Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima. Maji safi yanawatosha.

Unga ulioota ukungu usimpe mbwa. Ukungu huo huzalisha sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na ini la mbwa ni jepesi kudhurika kuliko letu. Kile tusichokula sisi kwa sababu kimeharibika kisiwe fungu lake.

Tukiwa bado kwenye chakula: pale machinjioni, mapafu na maini yenye malengelenge ya maji hutupiwa mbwa. Ndani ya malengelenge hayo mna watoto wa tegu mdogo anayekomaa katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya, huingia kinywani mwa mtoto anayemkumbatia mbwa, na miaka baadaye mtu huyo huota uvimbe wa maji katika ini au pafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana duniani. Kinga yake ni rahisi: viungo hivyo vizikwe au vichemshwe, na mbwa apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu.

Sasa kichaa cha mbwa, na hapa sitapita haraka.

Je, wajua kwamba dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na katika visa 99 kati ya 100 chanzo ni mbwa. Lakini kinga imekuwepo muda mrefu kuliko barabara yoyote ya lami ya Uganda. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi.

Chanjo hiyo inayotolewa baada ya kuumwa inafanya kazi kwa sababu virusi hivi haviendi na damu. Hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, mara nyingi kwa wiki kadhaa au miezi. Jeraha la mguuni lina safari ndefu. La usoni au shingoni lina safari fupi, na watoto, kwa kimo chao, huumwa usoni. Ndiyo maana mtoto aliyeumwa hapaswi kusubiri hata siku ya pili.

Cha kwanza ni sabuni na maji, hapohapo, kabla ya kutafuta boda boda. Mmoja ainue jerikeni na kumimina, mwingine asugue jeraha kwa sabuni ya kufulia, mpaka ndani, kwa dakika 15 za saa. Sabuni huyeyusha utando wa mafuta unaovifunika virusi na kuviua. Dakika 15 ni ndefu mtoto akilia. Endelea tu. Kisha paka iodini au spiriti kama ipo, usilifunge jeraha kwa kulibana, na nenda hospitali iliyo karibu nawe, Bwera, Kagando au Kilembe. Chanjo ikiwa imekwisha, uliza ilipo uende siku hiyohiyo, na ukianza sindano zimalize zote kwa tarehe ulizopewa. Jeraha la kina huhitaji pia dawa ya kingamwili inayodungwa kuzunguka jeraha.

Usipake pilipili, udongo, majani wala mafuta ya taa. Na jiwe jeusi, lile linalobandikwa kwenye majeraha ya nyoka pande zote mbili za mpaka wetu na Kongo, halinyonyi kichaa. Kibaya ni zile siku anazopoteza mgonjwa akiamini limenyonya.

Je, wajua kwamba si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia akiuma watu? Wengine hunyamaza. Taya hulegea, ulimi hutoka, mate hutiririka, sauti hubadilika, na hushindwa si kula tu bali hata kumeza maji. Mwenye mbwa hudhani mfupa umekwama kooni, anaingiza mkono kuutoa. Mkono huo ukiwa na mchubuko mdogo tu, huenda umeshaambukizwa. Ng'ombe vilevile: anayelia kwa sauti ngeni, anayedondosha mate na kushindwa kumeza, usimshike kinywa kabla daktari hajafika.

Mbwa aliyemuuma mtu asiuawe papo hapo kama anaweza kufungiwa salama. Akitazamwa siku 10 na akabaki mzima, hakuwa na virusi vya kichaa katika mate yake siku ile aliyouma. Mtu aliyeumwa aanze chanjo wakati mbwa anatazamwa, asingoje majibu.

Je, wajua kwamba kuwachanja mbwa 7 kati ya kila 10 katika eneo kunatosha kuukata mnyororo wa ugonjwa? Kisiwa cha Pemba kimelionyesha hilo. Kampeni za kuchanja mbwa zilikitokomeza kichaa kufikia mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa, chanjo zikaanza upya, na kufikia 2018 kilikuwa kimekwisha tena. Pemba imezungukwa na bahari. Bwera imetenganishwa na Kongo kwa mto Lhubiriha, ambao mbwa huuvuka wakati wowote apendao. Kwa hiyo kuchanja upande mmoja pekee hakutoshi, na ofisi za mifugo za pande zote mbili zinapaswa kuchanja kwa msimu mmoja. Mpaka siku hiyo ifike, mbwa wako aliyechanjwa ndiye ukuta ulio karibu na mlango wako. Sindano ya kwanza ni akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Tuingie hifadhini. Je, wajua kwamba mbwa wa kijiji anaweza kumuua simba bila kumgusa? Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vilitoka kwa mbwa wa vijiji vya jirani. Katwe, Hamukungu, Kasenyi na Kahendero ni vijiji vilivyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Chanjo ya distempa kwa mbwa wa huko inamlinda mbwa na inamlinda simba anayewaleta wageni.

Na sumu? Aprili 2018 simba 11, wanane wakiwa watoto, walikufa kwa sumu karibu na Hamukungu. Machi 2021 wengine sita walikutwa wamekufa Ishasha, katika hifadhi hiyohiyo, na tumbusi waliokufa kando yao. Mzoga uliotiwa sumu hauchagui: simba, fisi, tumbusi na mbwa wa mwenye ng'ombe hula pamoja. Tumbusi wakiisha, mizoga huachiwa mbwa wazururaji. India ililiona hilo: dawa ya diklofenaki iliyotibia ng'ombe iliwaua tumbusi kwa mamilioni, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na watu walioumwa nao wakaongezeka.

Chui hupenda sana nyama ya mbwa. Karibu na hifadhi au msitu wa Rwenzori, mbwa aliyefungwa kamba nje usiku hana pa kukimbilia. Mlaze ndani ya uzio wenye paa.

Jicho la mbwa likigeuka ghafla samawati-nyeupe, naye ana homa na anakonda, mtaje mbung'o kwa daktari. Mdudu huyo ndiye aliyebeba malale yaliyoua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na bado anabeba kimelea cha ugonjwa wa nagana kwa wanyama. Swila akimtemea mbwa machoni, osha kwa maji mengi safi. Usitumie maziwa wala mkojo.

Je, wajua kwamba mbwa hutoa jasho kwenye nyayo tu? Joto lake hutoka kwa kuhema. Mjini Kasese, chini katika Bonde la Ufa, mbwa aliyefungwa mnyororo juani saa saba mchana anaweza kufa kabla ya alasiri. Ndani ya gari lililofungwa joto hupanda nyuzi 10 hivi kwa dakika 10. Ukimkuta amelegea, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee.

Mto Nyamwamba wa hapa Kasese ulipofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, watu walikimbia na walichoweza kubeba. Mvua ikinyesha kwa nguvu mlimani, fungua mnyororo wa mbwa mapema. Maji yakipungua, usimwache anywe madimbwi: mkojo wa panya huacha humo bakteria wa homa ya mgunda, ugonjwa ulioua watu watatu Lindi, Tanzania, mwaka 2022.

Je, wajua kwamba kuna saratani inayoambukizwa kwa kujamiiana? Ni ya mbwa. Uvimbe unaovuja damu sehemu za siri umetokana na chembe za mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na zimeendelea kuhama kutoka mbwa hadi mbwa mpaka leo. Hutibika kwa sindano za wiki kadhaa, na mbwa aliyehasiwa au kufungwa kizazi mapema yuko mbali zaidi na hatari ya kuupata.

Paka jike anaweza kubeba mimba akiwa na miezi minne tu. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi, na watoto wa mimba moja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Basenji, mbwa mdogo wa misitu ya Kongo mwenye mkia uliojikunja, habweki kama mbwa wengine. Wawindaji humvalisha kengele ya mti wasimpoteze.

  

Na je, wajua kwamba virusi vya parvo, vilivyoenea duniani mwaka 1978, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi? Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali anahitaji kuokolewa haraka kwa maji ya mshipani. Ua alimofia uoshwe kwa dawa ya klorini ya Jik, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, na asiletwe mwingine humo kabla ya kuchanjwa kikamilifu. Chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane na hurudiwa mpaka wiki ya 16. Kwa hiyo, msomaji, unaponunua mtoto wa mbwa Mpondwe au popote, kabla ya kutoa pesa omba kadi yake ya chanjo. Kama hana kadi, mpitishe kwa daktari wa mifugo kwanza, ndipo afike nyumbani kwa watoto.